Kanzu Nyeupe Mlangoni

“Tatu! Ulisema tatu, Mazin! Usinifanye mwehu mbele ya watu!”

Shamsiya aliipiga meza kofi mpaka miwani ya Sheikh Idarusi ikaruka, ikaangukia juu ya daftari la ndoa. Sheikh akaiokota, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena. Kesi yenyewe ndiyo kwanza inaanza na yeye keshachoka.

“Kaa, binti.”

“Sikai, sheikh. Huyu muongo.”

Mazin alikuwa kwenye kiti cha pembeni na nguo zake za kazi, vidole vimeganda silikoni ya kubandikia vioo. Ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, Ngamiani nzima, hapa Tanga, inamjua. Miaka minne alikuwa mume wa Shamsiya. Wiki kumi zilizopita alimwacha, na sasa ubishi wao ulikuwa mmoja tu: alimwacha kwa talaka ngapi.

“Moja,” alisema Mazin. “Nilitamka moja. Na hiyo moja yenyewe naijutia.”

“Ulisimama mlangoni! Na kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa mkononi! Ukaninyooshea kidole, ukasema, ‘Nimekuacha, nimekuacha, nimekuacha!’ Nakuona mpaka sasa hivi!”

“Kanzu, Jumanne, saa tisa mchana? Nilikuwa natoka kazini na ovaroli. Na kahawa mie nanywa tangu lini, Shamsiya?”

“Unamwona, sheikh? Unamwona anavyogeuza?”

Bi Ghadir, shangazi yake Shamsiya, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikohoa na kuvuta buibui lake.

“Msimchanganye mtoto,” alisema. “Mie nilikuwepo. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Tatu, kwa pumzi moja, na kikombe kashika.”

“Shangazi, ulinikuta natoka!” Mazin alisimama. “Ulikuja na samaki wako, mie nishamaliza kusema!”

“Mie muongo, Mazin? Mie wa kuniita muongo?”

“Kaeni chini wote!” Sheikh Idarusi alipandisha sauti. “Hapa si sokoni. Nisikilizeni. Talaka ikiwa moja, mume anaweza kumrejea mkewe ndani ya eda, kwa neno tu, hata mke akinuna. Zikiwa tatu, basi. Mpaka huyu binti aolewe ndoa ya kweli na mume mwingine, na huko aachike au afiwe, ndipo mzungumze. Sasa kwa hesabu yangu eda imebakisha siku tano au sita. Ushahidi unaotosha sina. Kwa hiyo kauli ni ya mume, akiapa.”

“Na mimi je?”

“Wewe ukiwa na yakini kwamba ni tatu, haikufai kumruhusu akuguse, hata aape mara mia.”

Shamsiya alimgeukia Mazin. Sauti ilishuka, lakini ikawa mbaya zaidi.

“Apa, basi. Apa nikusikie.”

Mazin aliweka mkono juu ya msahafu.

“Wallahi, billahi, tallahi, nilitamka talaka moja.”

Hapo kitu kilimkatika Shamsiya ndani. Katika miaka minne alimjua mume huyu kwa uvivu wa kufua soksi, kwa kusahau kununua gesi, kwa kumsikiliza mama yake kupita kiasi. Kwa kiapo cha uongo hakumjua. Na kilichomchoma ni kwamba usiku kwa usiku, ndani ya eda hiyohiyo, alikuwa bado anamlilia.

“Umeapa uongo,” alisema. “Sikutaki duniani, na akhera tusikutane.”

Akatoka. Mazin akamfuata mpaka barabarani, palipojaa baiskeli na watu wenye masikio marefu.

“Shamsiya, nisikilize! Uliponikasirisha nilikosa, nakubali. Ulimwita mama yangu mchawi, kichwa kikanijaa moto. Lakini tatu sikusema!”

Shamsiya alisimama ghafla.

“Mchawi? Nani kamwita mama yako mchawi?”

“Wewe! Umekunja uso hivihivi!”

“Sikusema neno hilo!”

“Ulisema! Nakukumbuka mpaka ulivyoshika mwiko!”

“Mungu akulaani, Mazin! Sasa unanitungia na mimi!”

“Nani anayemtungia mwenzake?”

Muuza vitumbua aliacha kugeuza vitumbua. Bi Ghadir akamshika mpwa wake mkono, akamvuta. Wawili wale wakaachana kila mmoja akiwa na uhakika kwamba mwenzake ni muongo asiye na haya, na yeye ndiye anayeikumbuka siku ile ilivyokuwa.

Sasa kabla hujamhukumu mtu, jua jambo moja. Siku ileile ya talaka Bi Ghadir alimhamishia Shamsiya nyumbani kwake, maana watu wetu ndivyo walivyozoea: mke akiachwa, anabeba begi. Na eda ya Tanga si ya kukaa peke yako. Wanawake wanakuja. Asubuhi wanakuja, alasiri wanakuja, na kila anayekuja anataka asimuliwe tangu mwanzo. Bi Ghadir alikuwa msimulizi hodari. Shamsiya anakaa mkekani, kichwa chini, na habari yake inasimuliwa juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Wiki ya kwanza aliwahi kusema, “Siyo hivyo, shangazi,” akaambiwa, “Nyamaza mwanangu, una majonzi.” Wiki ya pili akanyamaza. Wiki ya tatu shangazi akiwa jikoni, mgeni akauliza, na Shamsiya akaisimulia mwenyewe. Kanzu, kikombe, kidole. Machozi yalimtoka ya kweli.

Alasiri hiyo, baada ya kiapo, alijifungia chumbani akamwandikia Nihal, shoga yake wa tangu darasa la pili, ambaye siku hizi ananunua machungwa kwa jumla kule Muheza.

“Kaapa. Kaapa uongo mbele ya sheikh.”

Hata dakika haikupita, simu ikaita.

“Kaapa ngapi?”

“Moja.”

Nyuma ya Nihal watu walikuwa wakipakia magunia kwenye lori, wanarushiana matusi ya kirafiki.

“Nihal? Upo?”

“Nipo. Sham, usinikasirikie. Siku ile uliniambia moja.”

“Nani kakwambia?”

“Wewe. Ulinitumia voisi, unalia. Ulisema moja.”

“Sijasema!”

“Ulisema. Halafu nilipokuja kukupa pole, nikamkuta shangazi anasema tatu, na wewe unasema tatu. Nikajua Mazin kakuongezea zingine kwenye simu. Nikasema nisikuchimbe, una kidonda.”

“Huna akili wewe.”

“Akili sina, lakini meseji huwa sifuti. Ngoja nakutumia.”

Shamsiya mwenyewe alishafuta kila kitu cha siku ile, kwa hasira. Simu ikalia. Voisi ya dakika mbili na sekunde kumi na moja. Akaibonyeza, akiwa na maneno yake tayari ya kumtukana Nihal.

Ilikuwa sauti yake. Pua imeziba, pumzi inakatika.

“Nihal... Mazin kaniacha. Sasa hivi, hapa jikoni. Kaja na ovaroli lake lile, hata mikono hajanawa. Nimemwambia mama yake asiingie chumbani kwangu bila hodi. Hilo tu! Wallahi hilo tu, Nihal! Kapandwa, eti sina adabu. Nikamwambia niache basi! Niache kama mwanamume kweli! Kasema, ‘Nimekuacha, talaka moja.’ Halafu kakaa juu ya gunia la mkaa, analia yeye...”

Kilio. Mlango ukasikika. Kisha sauti nyingine, ya mbali kidogo, ambayo hakuna mtu Ngamiani asiyeijua.

“Kuna nini humu? Naleta samaki nakuta mlango wazi, mumeo ananipita hata salamu hanipi!”

“Kaniacha, shangazi.”

“Ngapi?”

“Moja.”

“Moja? Alhamdulillahi. Moja ina rejea hiyo. Nawa uso, mwanangu.”

Ikakatika.

Aliisikiliza mara nne. Ungedhani atafurahi. Hakufurahi hata chembe. Alitaka kuvunja kitu, na hakujua aanze na kipi. Wiki kumi! Wiki kumi amemchukia mtu kwa jambo ambalo mtu hakulifanya, na amelia mbele ya wageni kwa kumbukumbu ambayo si yake. Na lile la “niache kama mwanamume kweli”, hilo lilikwenda wapi? Hakuwahi kulisimulia. Hakulificha, alikuwa hanalo kabisa kichwani. Akafumba macho kujaribu kupaona jikoni, ovaroli, gunia la mkaa. Akaiona kanzu nyeupe mlangoni, safi, na pasi yake.

“Toka!” alipiga kelele, peke yake chumbani. “Toka kichwani mwangu!”

Kesho yake saa nne asubuhi aliwaita wote nyumbani kwa Bi Ghadir. Sheikh Idarusi alikuja akilalamika kwamba yeye si mtu wa kuitwaitwa. Mazin alikuja na uso wa mtu aliyekesha, akabaki karibu na mlango. Hakuna aliyekaribishwa kahawa.

“Hakuna kusema,” Shamsiya alisema. “Kusikiliza tu.”

Akaweka simu juu ya meza, akabonyeza.

Lilipofika neno “talaka moja”, Mazin alifunika uso kwa viganja. Lilipofika “Alhamdulillahi, moja ina rejea hiyo”, Bi Ghadir alisimama.

“Si mimi huyo.”

“Ni wewe, shangazi.”

“Mitambo siku hizi inatengeneza sauti za watu! Mie nilikuwepo! Nilimwona kwa macho yangu!”

“Ulikuja na samaki! Umeuliza ngapi! Unaulizaje ngapi kama ulisikia?” Shamsiya alikuwa akipiga kelele sasa, mbele ya mtu aliyemfundisha kusema shikamoo. “Wiki kumi, shangazi! Umenijaza wiki kumi! Kanzu umeitoa wapi? Kikombe umekitoa wapi? Mazin hanywi kahawa! Nimelala naye miaka minne, najua hanywi kahawa, na nikakuamini wewe!”

“Usinipandishie sauti, mie nimekulea!”

“Ndiyo maana nakuuliza! Kanzu ya nani?”

Bi Ghadir alifungua mdomo kujibu kwa ukali. Badala yake akageuza shingo kuutazama mlango wa nyumba yake, ule wa mbao, akautazama kwa muda mrefu mpaka sheikh akajisogeza kitini.

“Sleyum,” alisema.

Sleyum alikuwa mumewe. Zaidi ya miaka thelathini alikuwa hajalitaja jina hilo ndani ya nyumba ile, ingawa watoto wote wa ukoo, Shamsiya akiwemo, walikua wakiisikia habari yenyewe ikinong’onwa na wakubwa.

“Alitoka msikitini, Ijumaa. Nilikuwa nimempigia pasi ile kanzu asubuhi yake. Nikampa kahawa. Akasimama pale mlangoni, akanywa, akanipa tatu, akanirudishia kikombe.” Alikaa chini, akajipapasa kifuani. “Lakini na huyu nilimwona. Wallahi, mwanangu, nilimwona Mazin. Mie sikukudanganya. Kila nikiwasimulia watu namwona yeye.”

Shamsiya alisimama na hasira yake mikononi, haina pa kwenda. Angekuwa muongo, angemtukana, angemhama, angemsusa. Huyu hakuwa muongo. Alimwona mwanamke wa miaka sitini na tano ambaye mbele ya kila mgeni aliyekuja alikuwa akiachwa upya yeye, na hakuna aliyempa pole.

“Nimekukasirikia sana, shangazi,” alisema. “Sana. Na huruma nakuonea. Usiniulize kipi kimezidi.”

Sheikh Idarusi naye alikuwa amefura.

“Kosa lenu mlilianza zamani! Mke wa talaka moja eda yake anaikaa kwa mumewe, si kwa shangazi! Mngemwacha nyumbani kwake, haya yote yangetoka wapi? Mmemkalisha barazani wiki kumi, kila mwenye mdomo anampakulia lake, mnategemea akumbuke nini?”

“Na wewe,” Shamsiya alimgeukia Mazin. “Umesikia neno mchawi humo?”

Mazin alitikisa kichwa.

“Umesikia ama hukusikia?”

“Sikulisikia.”

“Basi nani kalisema?”

“Nilikwenda kwa mama siku ileile,” alisema polepole, kama anayeokota vitu sakafuni. “Nikamwambia umesema aingie na hodi. Akasema, ‘Yaani ananiona mie mchawi.’ Akawaambia na dada zangu. Nikawa nasikia hivyo kila siku kwenye chakula... Shamsiya, mie nakuona ukilisema. Na mwiko mkononi. Ningeliapia hilo pia. Jana pale kwa sheikh, ningeulizwa, ningeapa.”

“Hata kama ningesema! Hata kama ningemwita mchawi mara mia! Ndiyo uniache?”

“Hapana.”

“Ulilia juu ya gunia la mkaa. Hilo unalikumbuka?”

“Nalikumbuka. Nililiona aibu kulisema mbele ya sheikh.”

“Ungelisema hilo ningekuamini, mpumbavu wewe!”

“Ungeniamini kweli?”

Akafikiri. “Hapana,” alisema, na machozi yakamtoka kwa hasira. “Nisingekuamini. Mpaka sasa nikifumba macho nakuona na kanzu. Voisi ninayo, sauti yangu, na bado nakuona na kanzu! Unajua ilivyo kutoamini kichwa chako mwenyewe?”

“Sasa najua.”

Mazin alisogea mbele, hatua mbili. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama sheikh, sheikh akainua mabega.

“Haki yako ipo,” alisema sheikh. “Ni moja, na eda haijaisha. Ukitaka kumrejea, tamka.”

“Shamsiya, mke wangu, nimeku...”

“Usiseme!”

Shamsiya alimwinulia kiganja.

“Eda yangu imekwisha,” alisema Shamsiya. “Alfajiri ya leo nimeziona siku zangu, mara ya tatu tangu aniache. Sheikh, kauli ya nani inasikilizwa hapo?”

Sheikh Idarusi alikohoa, akatazama sakafu.

“Ya mke. Mambo hayo ni ya mke kuyasema. Imekwisha, basi.”

“Shamsiya...” Mazin alikosa rangi. “Jana nilikuwa na siku tano!”

“Jana ulikuwa na hesabu ya sheikh. Mwili ni wangu.”

“Kwa hiyo nimeshinda kesi, na mke nimemkosa?”

“Umemkosa yule wa kumrejea kwa neno moja, anune asinune. Uliniacha bila kuniuliza, ukataka kunichukua bila kuniuliza. Mie si sufuria, Mazin, niazimwe na kurudishwa.”

“Nakupenda.”

“Najua unanipenda! Ndiyo maana nimekasirika! Nisingekuwa nakupenda ningekuwa nimeshalala siku nyingi!”

Mazin alifuta uso kwa mkono wenye silikoni, akajikwaruza, hakujali.

“Basi nakuposa.”

“Hivi hivi? Na ovaroli? Na shangazi yangu huyu analia?” Alimwonyesha mlango. “Nenda. Anza na nyumbani kwenu. Mama yako aisikilize voisi mpaka mwisho. Akimaliza, ulete watu kama watu wanavyoletwa. Nikitaka nitakubali, nisipotaka utakwenda zako, na hakuna wa kukulaumu.”

Aliondoka. Wiki nzima Shamsiya hakumpigia wala hakumjibu. Siku ya nane ikaingia meseji moja tu: “Mama kaisikiliza. Kanuna siku tatu. Leo kaniambia nikuulize siku gani inakufaa.”

Akaisoma akiwa anamkanda Bi Ghadir miguu. Wageni wa kusimuliwa walikuwa wamekatazwa mlango. Shangazi na mpwa walikuwa hawajapatana vizuri, walikuwa wanazungumza kuhusu chumvi na umeme tu, lakini usiku mmoja shangazi alianza mwenyewe habari ya Sleyum, yake hasa, mwanzo hadi mwisho, na Shamsiya akasikiliza bila kumkatiza.

“Nimwambie siku gani?” Shamsiya aliuliza.

“Usiniulize mie,” alisema Bi Ghadir. “Safari hii mie simo.”

Posa ililetwa. Shamsiya akaijibu baada ya siku kumi na mbili, si kwa kujishaua, alikuwa kweli hajui. Siku nyingine aliamka anamtaka, siku nyingine aliamka anataka kumpiga kwa mwiko. Siku aliyojibu, aliamka na vyote viwili.

Ndoa ilifungwa alasiri ya Jumapili, bila ngoma. Wanaume walikaa barazani, wanawake chumbani. Sheikh Idarusi akaja mpaka mlango wa chumba na mashahidi wawili, miwani puani.

“Shamsiya binti Yazid, Mazin anakutaka umuoe... anataka akuoe,” alijisahihisha, na wanawake wakacheka. “Umeridhia?”

Shamsiya alikaa kimya chini ya mtandio. Wanawake wakaanza kugusana viwiko. Mmoja akasema, “Karidhia, sheikh, kimya ndiyo jibu.”

“Kimya kilikuwa jibu alipokuwa mwari,” alisema Sheikh Idarusi. “Mwanamke aliyekwisha kuolewa hasemewi. Na mie nimechoka na habari za kuambiwa. Namtaka mwenyewe.”

Shamsiya alisikia kiti kimoja kikisogezwa barazani, akajua ni cha nani.

Akatoa mtandio usoni.

“Nimeridhia!” alisema, kwa sauti iliyowafikia wanaume wote. “Na mwambieni hasira haijaniisha!”